Picha za Likizo ya Galveston

Mansfield, Januari 2001

Wifi yangu Ndeshi,

Sisi wazima, ila barafu imeganda hadi mlangoni. Kaka yako Method anaipiga picha tangu wiki iliyopita. Jana nilichukua dukani hizo, pamoja na zile alizopiga Galveston, ufukweni, alikokwenda peke yake kuota jua.

Unajua hapa kwetu kamera haimtoki mkononi, ndiyo maana haonekani kwenye picha hata moja. Za Galveston yumo kwenye zote, anacheka. Kwenye moja, kivuli cha aliyempiga picha kimelala mchangani, na kivuli kidogo cha mtoto kimeng'ang'ania sketi yake.

Mama nimemtumia za barafu, aziweke sebuleni. Hizi nakutumia wewe, maana kaka yako hakufichi kitu. Niandikie mtoto ana umri gani.

Wifi yako,
Apolonia