Aliyeanza Kitabu Akimalize

Mwanangu Moraa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kila baridi ya Nyamache, kimetulia sasa uko kwenye joto la Mombasa? Sisi tupo. Baba yako yuko kitandani tangu alipoanguka shambani kwenye chai. Upande wa kushoto hauna nguvu, lakini maneno yanatoka, polepole.

Nataka tuongee habari ya kile kitabu chako cha Irani. Unakumbuka ulivyokuwa ukitusomea jikoni, ukitugeuzia Kiingereza chake, mimi nikimenya ndizi? Ulisema ni hadithi ya kale ya bibi zao, ila mwandishi ameileta mjini, siku hizi hizi za simu na magari. Mtoto anazaliwa na nywele nyeupe kama mzee, baba yake anaona haya kwa majirani, anamwacha mlimani, na ndege mkubwa anamlea pamoja na makinda yake. Kulikuwa pia na zimwi lenye pembe linalopanga foleni benki kama watu wengine. Baba yako alilicheka zimwi hilo mpaka akakohoa. Lakini Ijumaa jua likikaribia kuzama alikunyamazisha. "Funga. Zimwi lingojee Sabato ipite." Na Jumamosi jioni yeye ndiye wa kwanza kuvuta kiti.

Kisha ukaolewa na mtu asiye wa kanisa letu. Siku ile langoni baba yako alikuambia usirudi. Kitabu kikabaki kwenye kabati la vikombe, na jani kavu la mgomba likiwa pale ulipokomea, baba wa yule mtoto amesimama chini ya mlima anatazama juu.

Hakulitaja jina lako tena. Watu huniuliza kama nalia. Silii. Nimekuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, upo lakini huusikii. Nachuma chai, naenda kanisani, naimba na wenzangu. Basi.

Majuzi nikimnywesha baba yako uji akaniuliza, "Yule mzee alipanda mlima?"

Nilidhani anaota. Nikamuuliza mzee gani.

"Yule aliyemtupa mtoto."

Nikamwambia nitamwita mwalimu, jirani yetu, amsomee, maana Kiingereza anakijua vizuri. Akageuza uso ukutani.

"Aliyeanza amalize."

Moraa, mimi mwisho naujua. Nilikipeleka kitabu kwa huyo mwalimu, akanisomea barazani kwake. Mzee anapanda, magoti yanachubuka, anafika. Ndege anamwambia mtoto aende na baba yake, na anampa unyoya mmoja autie motoni siku akipata shida, naye atakuja. Mwalimu alifuta macho. Mimi nilishukuru, nikaenda kukatia ng'ombe majani.

Sijamwambia baba yako. Kila jioni ananiuliza, nami namjibu sijui. Mungu anisamehe. Najua si kitabu anachokingojea, na mlima wenyewe hawezi kuupanda, hata mlangoni hafiki bila kushikwa.

Kitabu kiko kando ya kichwa chake. Jani liko palepale. Njoo na mume wako, chumba nimefagia. Kama huwezi kuja, piga simu nimwekee kwenye sikio la kulia, ndilo linalosikia, umsomee kurasa zilizobaki.

Tafadhali nijibu upesi, hata neno moja.

Ni mimi,
Mama yako