Maneno ya Mama kwenye Ubao wa Chuo

Machi 4

Kwako binti yangu,

Mimi baba yako nina miaka themanini na moja. Nimewazika kaka zangu wote, hata uashi wenyewe nimeuzika maana nyumba za siku hizi si nyumba, na daktari aliyenikataza sigara ametangulia yeye. Mama yako naye nimemzika. Bado nimesimama. Hujambo? Mimi sijambo, goti tu linaniletea jeuri. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu.

Sasa nisikilize. Juzi nilikwenda kituo cha basi kushonesha kiatu, nikaona ubao mkubwa wa hicho chuo unakofanyia kazi ya kuandika matangazo. Umeandikwa: "Ingia. Kiti hakimuulizi mtu alikotoka." Nikasimama, nikausoma tena. Hayo ni maneno ya mama yako! Alimwambia kila aliyebisha hodi, hata askari aliyekuja kunitafuta mimi. Chini yake: "Kaa kwanza, shida haikimbii." Ya kwake pia. Mwaka haujaisha tangu tumlaze, wewe umemtundika kituoni auze nafasi za masomo? Ubao huo utolewe. Nimesema.

Ni mimi baba yako.

Machi 21

Shikamoo baba,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Hilo goti lichue kwa dawa, usilitukane.

Sikumuuza mama. Chuo kilitaka kiwe na sauti yake chenyewe, mtu akisoma tangazo ajue ni sisi kabla hajaona jina. Vyuo vyote vinapiga kelele zilezile, "Jenga kesho yako." Mkubwa wangu akasema, chagua mtu mmoja unayemjua, tuandike kila kitu kama angesema yeye. Nikamchagua mama. Sikumwambia mtu ni nani. Mwanafunzi akifeli, wenzangu wangemjibu, "Tunasikitika kukujulisha." Mimi namjibu, "Mwanangu, chakula kikiungua hatutupi sufuria." Jana mmoja ameandika, "Asante mama." Nimekwenda kulilia chooni.

Baba, ofisini nipo naye mchana kutwa. Nikifunga mlango kwenda nyumbani, ndipo anapokufa. Tafadhali usiniambie niondoe.

Mwanao.

Mei 30

Shikamoo baba,

Natumaini hujambo, na goti limepoa.

Nilidhani umenyamaza kwa sababu umenielewa. Wiki iliyopita mkuu wa chuo aliniita, akanisomea barua uliyomwandikia. "Mimi ndiye mwashi niliyejenga nusu ya mji huu na sijaiba hata tofali. Nyinyi mmeuiba mdomo wa mke wangu." Alicheka kidogo, kisha akaacha. Chuo hakitaki ugomvi na mfiwa. Sauti ile wameiacha yote. Tumepewa nyingine, ya kijana mchangamfu, sentensi fupi na alama za mshangao. "Twende kazi!" Naiandika, wala si ngumu.

Sikulaumu. Ila nilitaka kukuandikia barua hii kama angeiandika mama, nikaona imetoka kama tangazo. Nikaichana, nikasubiri. Haji tena, baba.

Umeshinda.

Mwanao.

Juni 17

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. U mzima? Unakula? Mimi mzima.

Kushinda nimezoea. Hakuna fundi aliyebishana nami akaondoka na kofia yake kichwani. Basi nikaenda kituoni kuangalia ushindi wangu. Kweli, wameutoa. Pale sasa pana kijana anaruka juu, meno yote nje, sijui anachekeshwa na nini. Nikasema moyoni, safi.

Fundi viatu akaniuliza, "Mzee, yule mama aliyekuwa anatukaribisha ubaoni wamempeleka wapi? Nilishazoea kumsalimu asubuhi kabla sijafungua."

Nikataka kumwambia yule ni mke wangu, halafu nimpe na maneno yake mengine, yale ambayo chuo hakikuyapata. Nikayatafuta. Sina. Binti yangu, katika ndoa yote ile msemaji nilikuwa mimi. Jioni narudi, nasimulia ukuta nilioujenga, jinsi ulivyonyooka kuliko wa wenzangu, naye anasema, "Ehe." Maneno matamu aliwapa waliobisha hodi, akakupa na wewe uliyekaa naye jikoni. Mimi nilimpa sikio lini? "Ehe" ndiyo niliyobaki nayo. Siku ile kituoni ndiyo mara ya kwanza niliposimama kumsikiliza, na nikaona mwizi ni wewe.

Umesema haji. Sikulazimishi, kulazimisha ndiko kulikotufikisha hapa. Lakini siku akikujia, hata kwa neno moja, hata liwe la kunisema mimi vibaya, niandikie.

Ukidhani natia chumvi, muulize fundi viatu. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akafunga kibanda, mdomo sikuufungua. Ataapa. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniona nimenyamaza.

Baba yako.