Kaka Sudi, Patisheni D Imerudi

Kaka Sudi,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama mkubwa alinifundisha nikusalimie hivyo, si kwa sababu moyo umeridhia.

Unakumbuka tulivyofungua kibanda chetu hapa Kiranjeranje? Wewe na kamera, mimi na mdomo. Harusi zote tulizorekodi zilikaa kwenye diski moja uliyoikata vyumba viwili: patisheni D ya harusi, E ya nyimbo za wateja. Ukaniambia, "Dogo, D usiiguse. Wewe umeishia kidato cha pili." Nikacheka. Nilikuwa nakuamini kuliko ninavyokiamini kioo, na unajua mimi na kioo tulivyo.

Asubuhi moja D haipo. Nyimbo zipo, harusi hamna hata moja. Ukanitazama kwa huruma. "Jana ulichomoa waya kabla kompyuta haijazima, siyo?" Nikakubali. Waya nilikuwa nachomoa hovyo kila siku.

Kwa Bi Somoe nilikwenda mimi kumpa habari. Marehemu mumewe alitoa nasaha kwenye harusi ya binti yao, na sauti yake haipo kwingine kokote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuwa nangoja nipate tivii, mwanangu." Afadhali angenichapa mwiko. Wewe ulikuwa nje unachezea simu.

Wiki ileile ukahamia Mingoyo, ukaniachia diski na ushauri: "Ifomati tu, uanze upya." Sikuifomati. Si kwa akili, niliogopa. Sikujua hata neno lenyewe linafanya nini, nikaiviringisha kwenye taulo, nikaiweka juu ya kabati. Ningekuwa msomi kama wewe, leo ingekuwa tupu.

Mwezi uliopita akaja jamaa wa Mingoyo kuongeza nyimbo kwenye flashi yake. Humo nikamwona binti wa Bi Somoe akiingia ukumbini, dakika mbili tu, juu pameandikwa jina lako peke yako. "Hii ndiyo anayowaonyesha wateja," jamaa akasema. Kumbe harusi ulizihamisha kwanza, halafu ukaniachia msiba.

Nikaishusha diski. Programu ya kurejesha patisheni nilipata ya bure, Kiingereza chake nikakisoma kwa kubahatisha, mara tatu kila mstari. Ilichunguza kutwa nzima. Jioni D ikajitokeza, nzima, kama mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili. Ilifutwa jina tu kwenye orodha. Faili hata moja halikuharibika. Waya hauna unadhifu huo, kaka. Wewe unao.

Nikampelekea Bi Somoe. Aliposikia mumewe anakohoa kidogo kabla ya bismillahi, akajifunika uso na kanga. Baadaye akauliza, "Kwani aliyeifuta nani?" Mwaka mzima nilikuwa nasema ni mimi. Safari hii nimekutaja. Amesema uje mwenyewe umwombe radhi, atakupikia. Mimi sijaahidi kitu.

Mwisho wa harusi ile kamera tuliisahau juu ya meza ikiwa inarekodi. Tumo mimi na wewe, sinia moja la pilau, unanisogezea nyama upande wangu ukidhani sikuoni. Nimekirudia kipande hicho mara nyingi kuliko nasaha yenyewe. Sasa hivi kufuta najua vizuri, hata fomati naijua.

Nimekiacha.

Mdogo wako, wa kidato cha pili.