Kadi ya Baba ya Kuingia Ukumbini

Shoga, mbona hupokei simu? Haya, nakuandikia. Natoka kikao cha harusi ya mdogo wangu Mwanasiti, hapa hapa nyumbani Nguvumali, na hasira bado hazijaniisha.

Unamjua yule Idarusi, rafiki wa bwana harusi, waliyemfanya mwenyekiti wa kamati? Kamwambia baba, mbele za watu, kuwa mchango wake haujafika kiwango. Baba! Mzazi wa bibi harusi! Eti asiyefika kiwango hapati kadi ya kuingia ukumbini, "hata mzee."

HATA MZEE, Samiha!

Baba kaahidi mbuzi, mchele na nazi za shambani kwake Mwera. Idarusi kajibu, "Mzee, mpambaji halipwi mbuzi." Shikamoo yenyewe hakutoa, lakini kunyima kadi anajua.

Na Mwanasiti je? Yuko kwenye simu anachagua viti vya dhahabu, kama vile anayetukanwa si babake. Nikainuka nimpashe yule mwenyekiti, baba akanishika mkono.

Akamuuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo harusi yote mnaisimamia nyinyi?"

Idarusi, kifua mbele: "Kila kitu, mzee. Wewe usiwe na wasiwasi."

Baba akavaa kofia yake. "Vizuri. Basi siku hiyo mimi nitakuwa shamba. Walii wa kumuozesha badala yangu mtamkodi pamoja na viti."

Shoga, hapo ndipo Mwanasiti alipoiweka simu chini.