Kompyuta Iliyonyamaza

Kaka yangu mpendwa,

Huku tuko salama kiasi. Mtoto ameota jino, na paa tumeliziba.

Juzi kompyuta ya Baba ilijisasisha yenyewe, ikawa bubu. Unajua tangu apasuliwe koo yeye huandika, nayo humsemea. Mimi naweza kumsomea Mama, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi, lakini Baba aliifunika skrini kwa mkono. Mama akawa anauliza tu, "Baba yenu anasemaje?" Nikamwita fundi wa kompyuta.

Fundi akasema, "Draiva ya sauti imeharibika, ile programu inayoendesha spika. Naitoa, narudisha ya zamani."

Nilikuwa mlangoni namsindikiza fundi, nikaisikia kompyuta ikisema, "Mke wangu, uvimbe umerudi. Watoto wetu wasijue, mkubwa ataacha kazi arudi." Mama alipapasa mezani mpaka akaupata mkono wa Baba.

Hawajui kwamba nilisikia. Kaka, nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Njoo. Ukifika, sema umepewa likizo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja.