Barua Niliyomsomea Mama Mutua

Jumatatu, 2 Septemba 1946. Kwa Vonza.

Mashamba kumi na moja leo. Saba yamechimbwa matuta, manne nimeandika "bado". Pancha mara mbili. Mgongo unauma.

Njiani kutoka Kitui nimeombwa mara sita. Naanza kuamini nina uso wa kuombwa. Yule mwenye mtoto mgonjwa alikuwepo tena pale mtoni. Mtoto huyo aliugua Aprili, akaugua Julai, na leo bado yu mahututi. Hajapona wala hajafa. Mwingine alitaka nimshikie kuku wake huku akitafuta chenji. Sikushika.

Mwaka wa pili sasa nikiwa karani wa matuta ya kuzuia mmomonyoko, na bado nashtuka mtu akinisimamisha. Nimejiwekea kanuni. Nisishuke kwenye baiskeli penye mlima. Nisijibu salamu inayozidi maneno mawili. Kalamu isionekane mfukoni; mwenye kalamu huombwa hata asichokuwa nacho.

Yote haya ni kwa ajili ya ile asali ya Mei niliyouziwa njiani. Debe zima nilimpelekea mama, kwetu Matiliku. Juu asali, vidole vinne. Chini sukari guru iliyoyeyushwa. Baba alisema, "Na umesoma." Bado nayasikia maneno hayo.

Jumanne, 3 Septemba.

Mashamba tisa. Upepo na vumbi.

Barazani kwa duka ninapolala hukaa mzee asiyeona, Mzee Nzioka. Huomba wanaopita. Amejua mlio wa baiskeli yangu. Asubuhi alinipigia kelele, "Karani, huyo punda wako wa chuma analia, mpake mafuta! Au mafuta pia ni ya serikali?" Watu wakacheka. Aliomba ugoro, au chumvi, au lolote. Nikasema sina. Nilikuwa na chumvi.

Alhamisi, 5 Septemba.

Naandika nikiwa nimetulia kidogo. Nataka kuandika yote.

Saa nne hivi nilikuwa napima shamba la mjane mmoja, Mama Mutua. Kijana wake Mutua alikwenda vitani mwaka wa arobaini na mbili. Barua mbili zilikuja, kisha kimya. Wenzake wamerudi. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyeambiwa kwamba amekufa.

Nikiwa bado na kamba mkononi akaja mtu amevaa koti refu la askari. Anajiita Koplo. Nilikuwa nimemwona sokoni jana akiomba sigara. Alisema alilala hema moja na Mutua, kwamba Mutua aliumia mguu, yuko hospitali ng'ambo, na amempa barua. Akaitoa kwenye kofia. Karatasi moja, imekunjwa mara nne.

Mama Mutua alikaa chini pale pale kwenye matuta.

Majirani wakaja. Wakatoa kigoda. Nilidhani ni cha Koplo. Kumbe ni changu. Koplo alisema, "Ni Kiingereza, jeshini hawaruhusu lugha nyingine. Mungu amemleta karani." Nikasahau kanuni zangu zote. Nikakaa.

Nikaifungua. Ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la stoo. Mablanketi. Sufuria kubwa. Ndoo. Kamba za viatu. Juu pembeni, nambari kumi na tatu. Hakuna salamu wala jina la mtu.

Nilimtazama Koplo. Hakupepesa jicho. Alisema, "Soma, karani, usimtese mama."

Watu kama ishirini. Yule mama ameweka mikono mapajani kama mtoto wa shule. Niliogopa koti lile. Niliogopa watu. Niliogopa pia uso wake, jinsi ungegeuka.

Nikasoma. "Mama yangu mpendwa, nakusalimu sana, hali yangu ni njema isipokuwa mguu." Nikaendelea. Mguu unapona. Chakula si kibaya. Nitarudi mvua zikianza. Polepole, na kidole nikikipitisha juu ya mablanketi na ndoo.

Akaomba nisome tena. Mara ya pili nikasahau kidogo. Akanisahihisha: "Umeruka pale anaposema chakula si kibaya."

Koplo alipewa jogoo. Mimi nililetewa kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Nilikunywa yote.

Karatasi amebaki nayo Mama Mutua. Koplo aliiacha bila kusita.

Ijumaa, 6 Septemba.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimkuta Koplo hotelini anakula mguu wa jogoo. Nikamwambia ile si barua, arudi akamwambie mama wa watu.

Hakukasirika. Alinivutia kiti. "Sasa mimi nitamwambia nini, karani? Mimi sijui kusoma. Wewe ndiye uliyesoma."

Kisha akanipa bawa.

Nikatoka. Barazani Mzee Nzioka alikuwa amesikia. Ana masikio ya digidigi. "Karani," akasema, "mimi huomba kwa mdomo wangu mwenyewe. Yule ameazima wako." Akacheka mpaka akakohoa. Nilimpa chumvi yote. Akainusa kwanza kama kwamba huenda ni mchanga.

Jumapili, 8 Septemba.

Kanisani. Baada ya wimbo wa pili Mama Mutua alisimama kutoa shukrani. Alieleza barua yote, neno kwa neno, bora kuliko nilivyosoma. Akanionyesha kwa kidole. Kina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu wa kanisa akanitaka nisimame. Nikasimama.

Sasa lazima niandike jambo ambalo Alhamisi nililiruka. Hata hapa, ambapo hakuna asomaye ila mimi, nililiruka.

Wakati wa kuweka kigoda, wanawake walikuwa wakimtania msichana mmoja aliyesimama nyuma na mtungi. "Sogea, Kalunde, huenda umetajwa!" Nikajua kuna jambo kati yake na Mutua. Koplo hakuwa amesema lolote juu ya msichana. Nilipofika mwisho wa barua niliona inamalizika vibaya. Haina utamu. Nikaongeza: "Mwambie Kalunde aningoje, simtazami mwingine."

Hayo ni yangu. Koplo hakuniomba. Na nilipoyasema niliyapenda. Nilijisikia kama siku ile mwalimu aliposoma insha yangu mbele ya darasa.

Leo nje ya kanisa nimesikia yatokanayo. Baba yake Kalunde alikuwa karibu kumwoza kwa fundi cherehani mmoja wa Kitui. Sasa amesitisha. Na Mama Mutua kesho anapeleka kwao mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua posa, ili mwanawe akirudi akute mambo yako tayari.

Ana mbuzi wanne. Anapeleka watatu. Niliwaandika mwenyewe kwenye fomu ya shamba lake.

Jumatatu, 9 Septemba.

Wamepita saa tatu. Mbuzi watatu, mmoja ana doa jeupe usoni. Baba mdogo wa Mutua aliwaswaga. Nilikuwa shamba la jirani na kamba yangu. Aliinua fimbo kunisalimu. Nikainua kamba.

Sekunde kumi zingetosha. Sikusema.

Alhamisi, 12 Septemba. Kitui.

Ripoti imekwisha. Bosi amesema hati yangu ni safi.

Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika haya.

Jumanne, 17 Septemba. Zombe.

Nimefika jana kwa lori la mtama. Nilijipa moyo kwamba huku ni mbali, hakuna anijuaye.

Leo soko. Nikawaona watu wamekusanyika nyuma ya duka la nguo, na katikati lile koti. Nilitaka kugeuka. Akaniona. "Karani wetu! Tazameni, Mungu ana njia zake. Huyu ndiye aliyesoma ile ya Kwa Vonza!"

Bibi kizee akanishika mkono wa shati kwa mikono yote miwili. Akanitia karatasi mkononi. Daftari lile lile, hati ile ile. Sabuni. Vyandarua. Juu pembeni, kumi na nne.

Kumi na nne. Ya Mama Mutua ilikuwa kumi na tatu. Basi za kwanza kumi na mbili ziko wapi? Zimekunjwa katika vyondo gani, na nani alizisoma?

Nikasema kwa sauti, "Susu, bibi yangu, hii si barua. Ni orodha ya sabuni na vyandarua. Hakuna jina la mwanao."

Kisha Koplo akacheka taratibu. "Kijana ana njaa. Kule alisoma bila taabu, kwa sababu alipewa maziwa. Karani, sema tu unataka nini."

Watu wakaanza kuguna. Nikasema tena. Nikawaonyesha neno moja moja kwa kidole. Nani angejua? Kidole changu juu ya "sabuni" ni sawa kabisa na kidole changu juu ya "mama yangu mpendwa".

Bibi akaniachia shati. "Huyu hajui kusoma," akawaambia wenzake. "Mtafuteni anayejua." Mwingine akauliza kama kalamu niliiokota. Gunzi la hindi likanipiga sikioni.

Niliposema uongo nilipewa kigoda. Nimesema kweli nikapigwa gunzi. Na nilistahili gunzi hilo tangu Alhamisi ile.

Jumatano, 18 Septemba. Zombe.

Nimekwenda kwa askari wa chifu. Nimeandika maelezo juu ya Koplo, kurasa mbili, na yangu ndani yake, pamoja na maziwa. Askari aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu. "Unataka mfungwe pingu moja?" Nikasema aandike tu. Akasema mimi ndiye niliyeandika, yeye ataweka muhuri.

Koplo ameondoka alfajiri. Hakuna ajuaye ameelekea wapi. Bibi yule alipata msomaji, nasikia. Mtoto wa darasa la tatu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabu hadi ishirini. Alifundishwa aseme nini.

Naogopa kufukuzwa kazi. Naogopa baba atakavyosema "Na umesoma." Zaidi ya yote naogopa Kwa Vonza.

Jumamosi, 21 Septemba. Kwa Vonza.

Nimeomba ruhusa ya siku moja. Nimekuja.

Mama Mutua alikuwa uani anapepeta mbaazi. Kalunde alikuwepo, amekuja kumsaidia kutwanga. Ameanza kumwita mwaitu, yaani mama. Walifurahi kuniona. Kigoda kikatolewa. Nikasema nitasimama.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Zombe. Yote yakapotea. Nikasema, "Niletee ile karatasi, mwaitu. Nataka kuisoma."

Akaitoa kifuani, ndani ya kitambaa. Nikaifungua. Nikasoma iliyoandikwa. Mablanketi sita. Sufuria kubwa mbili. Ndoo. Kamba za viatu. Kila kitu mpaka chini. Mchi ulikuwa umesimama hewani.

Aliuliza, "Na jina lake halimo?"

"Halimo."

"Popote?"

"Popote. Nilitunga. Siku ile mlinipa maziwa, nikatunga."

Hakulia wala hakunitukana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nikakosa pa kuyaweka matayarisho yangu. Aliokota mbaazi zilizoanguka, moja moja, kama kwamba idadi yake inajulikana.

Kalunde ndiye aliyesema. "Na mimi? Kule mwisho?"

"Wewe nilikutia mimi. Hata yule Koplo hakukutaja."

Aliweka mchi kinuni, polepole, usitoe mlio. Akachukua mtungi akaenda mtoni. Mtungi ulikuwa umejaa. Maji yalimwagika njiani kote na hakutazama nyuma.

Nikasema nitakwenda kwao, nimweleze baba yake, arudishe mbuzi. Mama Mutua akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nimalize. "Ntheo hairudishwi kwa maneno ya karani, mwanangu. Tumekwisha kunywa pombe ya posa kwao. Wewe umemaliza kusema. Tuachie sisi yaliyobaki."

Bado aliniita mwanangu. Afadhali angenipiga.

Nilipogeuka kwenda akasema, "Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo, ndani ya soksi.

"Basi niandikie kwa hao wakubwa wa askari. Uliza tu yuko wapi. Usitie kitu kingine."

Nikaandika juu ya goti. Jina la Mutua, kijiji chake, mwaka aliokwenda. Mama yake anauliza yuko wapi. Nikamsomea. Akasema nisome tena. Nikasoma, na safari hii hakukuwa na la kusahihisha.

Mwisho nikakwama. Jibu lipelekwe wapi? Yeye hana sanduku la posta. Tukatazamana. Nikaandika jina langu na anwani ya ofisi.

Jumatatu, 30 Septemba. Kitui.

Bosi ameniita kuhusu maelezo ya Zombe. Aliyasoma yote nikiwa nimesimama. Akasema atafikiri. Mpaka jioni hajasema kitu, nami nimeendelea kupiga mistari ya fomu za Oktoba.

Mzee Nzioka nilimpelekea ugoro kwa dereva wa lori. Ameleta salamu: hakika si mchanga.

Mvua haijaja. Mawingu yamekaa upande wa vilima tu.

Siku za lori la posta nimekuwa wa kwanza kufika mlangoni. Leo zilikuja bahasha nne, zote za bosi. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona haya kwa kushusha pumzi.

Jibu la Mama Mutua litakuja siku moja, na jina langu juu. Nitapanda baiskeli niende nalo Kwa Vonza bila kulifungua, nikae pale uani, nilisome lilivyo.