Mpishi wa Aproni Nyeupe Pee

Tova, hebu sikia hii!

Unamjua Linus wangu, akionja karanga tu koo linavimba. Hapa kwenye bustani ya burudani Orlando, ukisema mtoto ana mzio, mpishi mwenyewe huja mezani.

Akaja. Kofia ndefu, aproni nyeupe pee. Mpishi gani hana hata doa??

Nikamwonyesha sahani iliyoletwa kwa Linus. "Sosi hii ina karanga?"

"Hamna shida, malkia wangu!"

"Mnakaangia mafuta gani?"

"Hamna shida, malkia wangu!"

Malkia?! Nikampokonya Linus uma ukiwa mdomoni pake kabisa.

Mara mama mmoja akatoka jikoni mbio, jasho linamtiririka, na sahani nyingine mkononi. "Msile! Mimi ndiye mpishi! Hiyo ni ya meza nyingine, ina karanga!"

Na yule wa kofia? Kahamia meza ya pili, anawaimbia watoto. MWIGIZAJI wa bustani, Tova!

Na Linus analia anataka kupiga naye picha.